Kiraka chako cha Linux kimekwama wapi? Utatuzi wa matatizo kwa watumaji wa viraka vidogo

Kiraka ni faili la mabadiliko ya msimbo unayopendekeza. Kiraka kidogo cha mistari mitatu au kumi kikikwama, mara nyingi tatizo haliko kwenye msimbo. Kimekwama kwa sababu kimemfikia msimamizi, yaani anayeamua kipi kiingie katika sehemu yake ya msimbo, kikimdai kazi ambayo mtumaji alipaswa kuimaliza: kutafuta tawi (mkondo wa msimbo) linalofaa, kukisia sababu ya badiliko, kurekebisha nafasi zilizoharibiwa na programu ya barua, au kuuliza ni nani hasa aliyekiandika. Msimamizi wa sehemu yenye shughuli nyingi hupokea viraka kila siku kutoka kwa watu asiowajua, na adabu zote za kutuma viraka zimejengwa juu ya jambo hilo moja, kwamba muda wa mpokeaji ni haba kuliko muda wa mtumaji.

Mwongozo huu unafuata mradi wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo), ambao hadi leo hupokea mabadiliko kwa barua pepe zinazotumwa kwenye orodha za wazi, na ambao kanuni zake zimo ndani ya msimbo wenyewe katika folda ya `Documentation/process`. Dalili zimepangwa kwa kufuata safari ya kiraka, tangu kinapotumwa hadi baada ya kukubaliwa, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia. Anza na ukaguzi mwepesi, wala usirekebishe mambo mawili kwa mpigo, kwa kuwa hutajua lipi ndilo lililokuwa likikwamisha.

Kiraka kimetumwa lakini hakionekani popote

Fungua lore.kernel.org, ambako barua za orodha za kerneli huhifadhiwa, utafute kichwa cha kiraka chako. Kikiwapo, hakikupotea, na shida yako ni ya ukimya, ambayo imeelezwa hapa chini. Kisipokuwapo baada ya saa kadhaa, mtuhumiwa wa kwanza ni HTML, lugha ya kupamba maandishi. Seva za vger.kernel.org, zinazosambaza barua za orodha, hukataa barua yenye HTML, hata kama sehemu hiyo ni ndogo na iliongezwa na programu ya barua bila wewe kujua. Programu za barua za kwenye simu, na zile za kwenye kivinjari, ndizo zinazoongoza kwa kosa hili; kwa hiyo kiraka kitumwe kwa `git send-email`, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), si kwa kunakili na kubandika.

Sababu ya pili ni mipangilio ya kutuma. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga mlango namba 25, na barua hubaki kwenye kompyuta yako au hukataliwa njiani. Tumia mlango namba 587 wenye usimbaji wa TLS, na ukiwa na akaunti ya Gmail, washa uthibitishaji wa hatua mbili kisha utengeneze nywila maalumu ya programu, kwa sababu nywila yako ya kawaida haitakubaliwa.

Kuna sababu ya tatu inayowapata wanaotumia barua pepe ya kazini. Seva ya kampuni huweza kubandika chini ya kila barua tangazo la kisheria linalosema kuwa yaliyomo ni siri. Barua ya namna hiyo huenda ikafika, lakini wasimamizi hawawezi kuufanyia kazi msimbo ambao mwenyewe anautangaza kuwa siri, na hivyo huupita. Dawa ni kutumia anwani isiyobandikwa tangazo hilo, baada ya kupata ruhusa ya mwajiri.

Njia ya kuyagundua yote matatu ni moja. Jitumie kiraka wewe mwenyewe kwanza, kwa `git send-email --to=anwani-yako`, kisha uifungue barua hiyo katika muundo wake ghafi na kusoma kila mstari kana kwamba imetoka kwa mgeni.

Msimamizi anajibu kwamba kiraka hakibandikiki

Hapa sababu kuu ni programu ya barua iliyogeuza nafasi za kitufe cha Tab kuwa nafasi za kawaida au kukata mistari mirefu. Gmail ya kwenye kivinjari hufanya yote mawili, na nyaraka za kerneli zinaitaja waziwazi. Hifadhi ile barua uliyojitumia, uende kwenye nakala safi ya msimbo, na uibandike kwa `git am`. Ikikataa kwako itakataa na kwake.

Ikikubali kwako lakini ikakataa kwake, basi umejenga juu ya tawi lisilo lake. Tafuta sehemu yako katika faili la `MAINTAINERS`. Mstari unaoanza kwa herufi T hutaja hifadhi ya msimbo ambayo msimamizi huyo hufanyia kazi. Andaa kiraka upya juu ya hifadhi hiyo. Pia usiongeze wala kuondoa kwa mkono mistari ya msimbo ndani ya faili la kiraka baada ya kulitengeneza, kwa kuwa hesabu za mistari zilizomo ndani yake hazitalingana tena.

Kiraka kimefika, lakini hakuna anayejibu

Dalili hii ndiyo inayowavunja moyo wengi, nao huondoka wakiamini wamedharauliwa. Kwa kawaida hakuna aliyewadharau.

Angalia kwanza ulimwandikia nani. Kiraka kilichotumwa kwenye orodha kuu peke yake, ambayo hupokea barua nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kuzisoma, ni sawa na kutotumwa. Endesha `./scripts/get_maintainer.pl` ukiipa jina la faili la kiraka, nayo itakutajia wasimamizi na orodha zinazohusika. Waweke wasimamizi kama wapokeaji wakuu, na orodha zipate nakala. Usiongeze majina ya watu maarufu wa mradi kwa matumaini kwamba watakisukuma. Kiraka kidogo hakiwahusu, nao huona kuwa hukufanya utafiti.

Angalia pili kalenda. Toleo jipya la kerneli hutoka takribani kila baada ya wiki 9 au 10. Wiki 2 za mwanzo wa mzunguko huo ni za kuunganisha mabadiliko ambayo tayari yalikwisha kukaguliwa, na baada yake hutoka matoleo ya majaribio, kuanzia rc1 hadi rc7 au rc8. Katika zile wiki 2 wasimamizi wengi hawagusi viraka vipya, na sehemu ya mtandao hufunga rasmi tawi lake la net-next. Tazama kernel.org: ikiwa toleo kamili limetoka hivi karibuni na rc1 yake inayofuata haijaonekana, uko ndani ya kipindi hicho, na huna la kufanya ila kusubiri.

Sababu ya tatu ni kichwa cha barua kisichosema kitu. Maneno kama «Fix bug» hayamwambii msimamizi kama jambo linamhusu, kwa hiyo huiacha barua kwa ajili ya baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Sababu ya nne ni kwamba kiraka kimekwisha kuingizwa bila mtu kukuarifu, jambo ambalo hutokea zaidi ya inavyodhaniwa. Tafuta jina lako katika hifadhi ya msimamizi na katika linux-next, hifadhi inayokusanya mabadiliko ya toleo lijalo, kabla ya kulalamika. Kwa sehemu zinazotumia patchwork.kernel.org, hali ya kila kiraka huonekana hapo, na ukikuta kimeandikwa kwamba kinahitaji marekebisho, maana yake kuna jibu ambalo hukulisoma.

Ikiwa yote hayo ni sawa, swali linalobaki ni lini ukumbushe. Nyaraka za mradi zinasema maoni hupatikana kwa kawaida ndani ya wiki 2 au 3, na kwamba usikumbushe kabla ya wiki 1 kupita. Anayeijua adabu ya hodi hahitaji kufundishwa sana hapa: hubisha, husubiri, hurudia, na asipoitikiwa hasukumi mlango wala haondoki kwa matusi. Kukumbusha ni kuijibu barua yako mwenyewe kwa mstari mmoja wa heshima, au kukituma kiraka upya kikiwa na neno RESEND katika kichwa, kwa sharti kwamba hakikubadilika hata kidogo. Usimfuate msimamizi faraghani, kwenye mitandao ya kijamii wala kwa simu. Mazungumzo ya mradi hufanyika mbele ya wote ili mwingine aweze kujibu msimamizi asipokuwapo.

Unarudishiwa kiraka kwa sababu ya mtindo kabla msimbo haujasomwa

Sababu ya kawaida zaidi ni kichwa kisichofuata desturi ya sehemu husika. Kila sehemu ya kerneli ina utangulizi wake, kwa mfano `iio: adc:` kwa vigeuzi vya mawimbi kuwa tarakimu, na hakuna haja ya kuukisia. Andika `git log --oneline` ukifuatisha njia ya faili unalolibadilisha, uone wenzako walivyoandika. Kichwa kisizidi herufi 70 hadi 75, nacho huandikwa kwa Kiingereza kwa hali ya amri, kama anayeuagiza msimbo ubadilike. Kiingereza chepesi kinatosha, na hakuna atakayekurudisha kwa kosa dogo la sarufi ikiwa maana iko wazi.

Inafuata sababu nzito zaidi, ambayo ni maelezo yanayosema umefanya nini bila kusema kwa nini. Msimamizi anaweza kusoma mistari uliyobadilisha. Asichoweza kukisoma ni tatizo ulilolikuta, lilivyomwathiri mtumiaji, na namna ulivyothibitisha kuwa limekwisha. Andika hayo matatu. Ikiwa unarekebisha kosa lililoingizwa na badiliko fulani la zamani, litaje kwa mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho chake na kichwa chake, ili wanaotunza matoleo ya zamani wajue kama linawahusu.

Kisha angalia kama kiraka kina mambo mawili ndani yake. Mtu anarekebisha hitilafu, na akiwa hapohapo ananyoosha nafasi za mistari ya jirani. Mhakiki sasa analazimika kutafuta badiliko halisi ndani ya mapambo. Kila jambo liwe na kiraka chake.

Mstari wa `Signed-off-by` ukikosekana, kiraka hakiingii, hata kiwe kizuri namna gani. Mstari huo uliwekwa mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 kuhusu asili ya msimbo, nao ni tamko kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. `git commit -s` huuongeza, lakini amri hiyo haiwezi kukupa haki ambayo huna, kwa hiyo soma tamko lenyewe angalau mara moja kabla ya kulitia jina lako. Jina liwe lile unalojulikana nalo. Michango isiyo na mwenyewe haipokewi.

Mwisho endesha `./scripts/checkpatch.pl`. Rekebisha makosa inayoyataja, na kwa maonyo tumia akili: hupendelewa mstari usizidi herufi 80, lakini tangu mwaka 2020 skripti hiyo hulalamika mstari unapozidi 100, na mstari wa 84 unaosomeka vizuri ni bora kuliko uliokatwa vibaya ili kuiridhisha.

Jibu limekuja, nalo ni kali au ni fupi mno

Mara nyingi ufupi huo hauna hasira yoyote ndani yake. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo, habari za nyumbani na za kazi kabla ya kufika kwenye neno, tukipokea jibu la mstari mmoja lisilo na salamu, husikia mlango ukifungwa. Kwa msimamizi, mstari huo ni ushahidi kwamba alikisoma kiraka na akaona kinastahili kurekebishwa. Kile asichokitaka angekiacha tu. Lisome jibu mara ya pili ukitafuta jambo moja tu, yaani anataka nini kibadilike.

Hatari kubwa iko kwenye hatua inayofuata. Kunyamaza mbele ya mkubwa anayekusahihisha ni heshima nyumbani, lakini hapa husomwa kuwa umekiacha kiraka, nacho hufa. Kila swali lijibiwe, hata kama jibu ni kwamba utalirekebisha katika toleo lijalo. Jibu chini ya kila sentensi inayohusika, futa sehemu za barua usizozijibu, na hakikisha wote waliokuwa kwenye mazungumzo wamepata nakala. Usiandike jibu lote juu na kuiacha barua nzima ya zamani ikining'inia chini. Ukiona msimamizi amekosea, unaruhusiwa kabisa kumpinga, ila upinge kwa ushahidi: matokeo ya kipimo, ukurasa wa nyaraka za mtengenezaji wa kifaa, au njia ya msimbo inayoonyesha kosa linavyotokea. Wengi wao hukubali kwa neno moja na mambo yakaendelea.

Sababu isiyo ya kawaida sana ni kwamba kiraka hakihitajiki. Kunyoosha nafasi na kubadilisha tahajia za maoni katika msimbo wa zamani unaofanya kazi huongeza historia isiyo na faida na huwasumbua wanaorudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani. Kazi ya usafi hupokewa vizuri zaidi katika `drivers/staging`, ambako viendeshi visivyokamilika husubiri kutengenezwa, na hapo ndipo mahali pema pa kujifunzia.

Sababu ya nadra ni shaka. Mwaka 2021 ulizuka mzozo kwa kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wametuma viraka vyenye kasoro za makusudi ili kuona kama vingepitishwa, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kerneli, akatangaza kuvirudisha nyuma (yaani kuviondoa) viraka vya chuo hicho. Tangu hapo, mgeni anayetuma rundo la viraka vilivyozalishwa na chombo fulani bila maelezo huulizwa maswali magumu. Kitaje chombo ulichotumia, eleza ulivyohakikisha kwamba kilichobainishwa nacho ni kosa la kweli, na useme wazi kama umejaribu kwenye kifaa au umeujenga msimbo tu.

Ikiwa jibu limevuka ufupi likawa matusi au dharau kwa utu wako, usijibizane. Mradi una kanuni za mwenendo tangu mwaka 2018 na kamati inayozisimamia, ambayo hupokea malalamiko kupitia conduct@kernel.org.

Toleo la pili linawachanganya wahakiki

Kosa linaloongoza ni haraka. Mtu hupokea maoni ya kwanza asubuhi, hutuma toleo la pili mchana, na jioni mhakiki mwingine anatoa maoni juu ya toleo ambalo halipo tena. Wahakiki wako katika saa za mabara mbalimbali. Sehemu ya mtandao imeweka kanuni kwamba usitume tena kabla ya saa 24, na siku kadhaa ni bora zaidi.

Kosa la pili ni kutosema nini kimebadilika. Tengeneza kiraka kwa `git format-patch -v2`, kisha uandike orodha ya mabadiliko chini ya mstari wa vistari vitatu, ambako husomwa na wahakiki lakini haiingii kwenye historia ya kudumu. Ukiiweka juu ya mstari huo, utaombwa toleo la tatu kwa ajili ya jambo hilo tu. Tatu, mtu aliyekupa `Reviewed-by` (tamko kwamba amekikagua kiraka) au `Tested-by` (kwamba amekijaribu) anastahili kuona mstari wake ukiwa umehifadhiwa katika toleo jipya. Lakini kama msimbo umebadilika kwa kiasi cha kufanya ukaguzi wake usiwe wa kweli tena, uondoe na ueleze kwa nini umeuondoa.

Kimekubaliwa, kisha inakuja barua ya roboti

Roboti ya majaribio ya kerneli hujenga msimbo kwa mipangilio mingi na kwa aina nyingi za vichakataji, na huandika inapokuta hitilafu. Kwa kawaida ulijenga kwa mipangilio ya kompyuta yako tu, na katika mipangilio mingine faili la vichwa (header) au tegemeo la Kconfig, mfumo wa kuchagua sehemu za kerneli zitakazojengwa, halipo. Barua hiyo hueleza namna ya kulirudia kosa. Lirudie kwako kabla ya kurekebisha. Anza na folda yako pekee kwa `make W=1`, na uache ujenzi wa `allmodconfig`, yaani wa karibu kerneli yote, kwa usiku, maana kwenye kompyuta ndogo huchukua saa nyingi.

Kama kiraka hakijaingia kwenye hifadhi ya msimamizi, tuma toleo jipya. Kama kimeingia, tuma kiraka kingine chenye `Fixes:` na `Reported-by:`, pamoja na `Closes:` yenye kiungo cha ripoti. Na ukisikia kwamba badiliko lako limeharibu kitu kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji, ukubali upesi lirudishwe nyuma. Huo ndio utaratibu wa mradi kwa kila mtu, na unaweza kulileta upya likiwa limekamilika.

Mahali pa kusimama na kumwita mwenye ujuzi

Ukigundua kwamba hitilafu unayoirekebisha inaweza kumpa mtu asiyeruhusiwa mamlaka juu ya kompyuta, au kumwezesha kusoma kumbukumbu isiyo yake, simama kabla ya kutuma chochote kwenye orodha ya wazi. Andika kwa security@kernel.org pamoja na wasimamizi wa sehemu husika, kwa maandishi ya kawaida, ukieleza unachokijua.

Ukiwa umeajiriwa, na mkataba wako unasema msimbo unaouandika ni mali ya mwajiri, usitie `Signed-off-by` hadi upate ruhusa ya maandishi. Mkataba ukiwa na utata, huo ni wakati wa kumwona mwanasheria, kwa sababu wasimamizi hawana uwezo wa kukujibia.

Kiraka kikigusa kufuli za kumbukumbu, mpangilio wa usomaji na uandishi kati ya vichakataji, au maisha ya data inayotumiwa na nyuzi kadhaa (kazi zinazoendeshwa sambamba), na huwezi kueleza kwa maandishi kwa nini ni salama, tuma ripoti ya hitilafu badala ya kiraka. Na kama badiliko linahusu volti, chaji ya betri au udhibiti wa joto, usilijaribu kwenye kompyuta yako pekee ya kazi. Muombe kwenye orodha mwenye kifaa cha majaribio alijaribu na akupe `Tested-by` yake.